Nailoni Isiyoonekana: Wembe Unapofika Kwenye Nembo

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo nailoni ya kochi jipya haikutolewa mpaka ichanike yenyewe. Rimoti ya televisheni ilivalishwa mfuko, na gari la baba lililotoka bandarini lilikaa miaka na plastiki zake kwenye viti. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia amepata kazi ya kuvisha magari nailoni huku Virginia ya Kaskazini, nilicheka nikamwambia, "Hiyo kazi bibi yako ameifanya miaka 40 bila mshahara."

"Mjomba, hii ya kwetu haionekani," akajibu. "Njoo Jumamosi uone."

Nikaenda. Karakana yenyewe ni safi kama zahanati. Sakafu imemwagiwa maji kulaza vumbi, taa zimepangwa ukutani, na katikati limesimama gari la michezo ambalo bei yake inatosha kujenga nyumba Kigamboni na chenji ikabaki.

Wenyewe wanaiita PPF. Ni plastiki ya poliuretheni, inavutika kama mpira na ina gundi upande mmoja. Unene wake ni kama milimita 0.2, sawa na karatasi mbili za daftari zilizolazwa pamoja. Asili yake inatajwa kuwa vita vya Vietnam, kampuni ya 3M ilipotengeneza utepe wa kukinga mapangaboi ya helikopta yasiliwe na mchanga. Siku hizi mikwaruzo midogo juu yake hujifuta ikipata joto la jua.

Anayeishi hapa DMV haulizi sana faida yake. Kabla theluji haijaanguka, malori yanapita yakimwaga maji ya chumvi barabarani, na asubuhi unaona mistari myeupe kwenye lami. Kwenye Beltway, ile barabara ya I-495 inayozunguka mji kwa kilomita 103 hivi, kila lori lililo mbele yako linakurushia kokoto. Aprili chavua inafunika gari likawa la kijani. Na waliokuwepo mwaka 2021 hawajasahau nyenze wa Brood X walipotoka ardhini baada ya miaka 17 na kupasukia kwenye kila bampa.

Kuvisha sehemu ya mbele ya gari mara nyingi huvuka dola 1,500. Kwa pesa hiyo mteja ana haki ya kutazama kwa karibu, na mahali pa kutazama ni kwenye nembo.

Njia tatu za kupita penye nembo

Nyumbani nembo ya gari ilikuwa na adui mmoja, mwizi. Ndiyo maana tulichora namba za gari kwenye taa na vioo. Hapa adui wa nembo ni fundi mwenye haraka.

Kuvisha boneti tupu si kazi ngumu sana. Unanyunyizia maji yenye matone ya shampuu ya watoto ili plastiki iteleze, unaipanga, kisha unakamua maji kwa kipande cha mpira. Pembeni unatumia maji yenye spiriti ili gundi ishike. Lakini ukifika penye herufi, plastiki haikubali kukunjika kuzunguka kila kona. Hapo zipo njia tatu.

Ya kwanza ni kukata kwa mashine. Kompyuta ina kiolezo cha gari lako, na plastiki inakatwa ikiwa na tundu la nembo kabla haijagusa gari. Wembe haukaribii rangi kabisa. Kasoro yake ni ule mwanya mdogo unaobaki kuzunguka nembo. Uchafu na nta hujikusanya humo, na kwenye gari jeupe mstari mweusi unaonekana mapema.

Ya pili ni kung'oa nembo. Fundi anabandika tepu ya karatasi kuweka alama ya mahali pake, anapasha joto mpaka gundi ilainike, kisha anapitisha uzi wa mshipi au uzi wa meno nyuma yake, mbele na nyuma kama msumeno, mpaka iachie. Gundi iliyobaki inasafishwa, eneo zima linavishwa, na nembo inarudishwa juu ya plastiki kwa gundi mpya. Kazi hii ndiyo inayopendeza zaidi. Lakini si kila nembo imegandishwa tu. Nembo ya boneti ya Porsche, kwa mfano, hushikwa na vipini vinavyoingia kwenye matundu ya bati, kwa hiyo matundu hayo lazima yafunguliwe kwenye plastiki pia. Na gari lililokaa juani miaka mingi huwa na kivuli cha herufi kwenye rangi. Plastiki haikifuti.

Ya tatu ni kuvisha juu ya gari na kukata kwa mkono kuzunguka nembo. Ndiyo iliyomkosesha mpwa wangu usingizi.

Mstari wa punje ya mchele

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kwenye bati mpaka juu, ina unene wa karibu karatasi moja tu. Tabaka la juu linalong'aa ni kama nusu ya hapo. Anayekata plastiki juu ya gari anatakiwa kukata karatasi mbili na kusimama kabla ya ya tatu, kwa kutumia hisia ya vidole peke yake.

Siku hiyo ilikuwa Mustang GT, yenye nembo ya "5.0" ubavuni, nyuma ya gurudumu la mbele. Mwenye gari hakutaka nembo ing'olewe, aliogopa itavunjika. Kijana akapewa wembe. Kwenye mkunjo wa ile tano mkono ukazidi nguvu. Alipovuta kipande cha ziada akaona mstari mwembamba kwenye rangi, urefu wa punje ya mchele.

Sasa angalia mtihani wenyewe. Plastiki ikisogezwa kidogo, mstari ule unafunikwa, na plastiki yenye gundi huficha mikwaruzo midogo vizuri sana. Hakuna ambaye angeuona mpaka siku plastiki itakapotolewa, miaka mingi baadaye. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

Alinipigia simu saa ya chakula. "Mjomba, shikamoo. Nimekata rangi ya mtu."

"Marahaba. Bosi anajua?"

Akanyamaza.

Sikumpa hotuba. Nilimwambia tu kwamba kazi ya kuficha vitu chini ya plastiki ataiweza, lakini kila gari litakalopita mbele yake baada ya hapo atalitazama kwa wasiwasi. Akakata simu, akaenda kusema.

Mwenye gari alikasirika, na ana haki. Karakana ililipa fundi wa rangi, ikabidi wasubiri wiki kadhaa rangi mpya ikauke kabisa ndipo wavishe tena. Kijana akanyang'anywa wembe miezi miwili. Bosi akamletea boneti kuukuu kutoka kwa wauza vyuma chakavu na pakiti ya wembe, akamwambia akate mpaka boneti ibaki bila mkwaruzo. Jioni baada ya darasa alikuwa anakata herufi kwenye boneti ile.

Ukipeleka gari lako

Muulize fundi mapema: nembo zangu utazifanyaje, na kuna kukata juu ya gari? Anayejibu kwa utulivu na kukuonyesha kazi zake anajua anachofanya. Mwambie kama gari limewahi kupakwa rangi upya, kwa sababu rangi ya pili inaweza kubanduka pamoja na plastiki siku ya kuitoa. Usilioshe kwa wiki moja. Baadaye, mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye kingo, na mwanya wa nembo safisha kwa brashi laini.

Na kwa wanafunzi mnaoitamani kazi hii: mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali maalumu. Mpwa wangu ana karatasi zake. Hakikisha na wewe kabla ya kushika wembe.

Sasa amerudishiwa wake, na nembo nyingi huzing'oa kwa uzi. Juzi alimwonyesha bibi yake kazi moja kwa simu ya video. Bibi akaitazama kwa makini.

"Na hiyo nailoni mtaitoa lini?"

"Baada ya miaka 10 hivi, bibi."

"Ee," akasema, "mmechelewa sana kujifunza."