Mkwaruzo Mweupe Kwenye Plastiki Nyeusi

Tazama kizingiti cha buti la Noah inayobeba mizigo ya sokoni Tandika, au sehemu ya chini ya mlango wa IST inayopigwa na viatu vya abiria kutwa nzima pale Mwenge. Plastiki ni nyeusi, lakini mikwaruzo yake ni myeupe. Hakuna aliyemwaga rangi hapo. Weusi wenyewe haukupakwa juu. Ulichanganywa na plastiki kiwandani, kwa hiyo hata ukichimba chini utaukuta uleule. Weupe huo umetoka wapi?

Umetoka kwenye mwanga. Plastiki nyingi za ndani ya magari yetu ni polipropilini iliyokazwa kwa unga wa jiwe laini la talki. Kitu kigumu kikiikwaruza, uso wake huvutika na kupasuka katika nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na hewa huingia kandokando ya chembe za talki. Mwanga unapokutana na mipaka hiyo mingi ya hewa na plastiki hutawanyika kila upande, rangi zake zote kwa pamoja, na jicho huona weupe. Kioo kizima hupitisha mwanga. Kisage, utabaki na unga mweupe.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini mkwaruzo hupotea ukipakwa mafuta. Kipimo cha jinsi kitu kinavyopindisha mwanga ni 1 kwa hewa, karibu 1.49 kwa polipropilini na karibu 1.47 kwa mafuta ya kupikia. Mafuta yakiziba nyufa, mwanga hupita kana kwamba plastiki haijawahi kuguswa. Polishi za dashibodi hufanya kazi hiyohiyo. Lakini nyufa bado zipo, na sabuni ikipita juu yake weupe unarudi.

Tiba ya kweli ya mkwaruzo mwembamba ni joto. Polipropilini huyeyuka inapokaribia nyuzi joto 160 za Sentigredi. Fundi mwenye mashine ya kupuliza hewa moto huipitisha juu ya mkwaruzo bila kusimama, hadi ngozi ya juu ilegee na nyufa zifumbe zenyewe. Akichelewa kidogo tu, vinyweleo vya plastiki, yaani ule mchoro mdogo unaofanana na ngozi, huyeyuka pia na pale hubaki panang'aa kama baka. Kwa hiyo mkono wa fundi una thamani kubwa kuliko mashine yake, na kazi hii haifai kuharakishwa na mteja anayetazama saa.

Mkwaruzo wenye kina hauponi kwa joto peke yake, kwa sababu nyama imeondoka na lazima irudishwe. Hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha, maana hununua gundi kabla ya kujua plastiki yao ni ya aina gani. Jibu mara nyingi limeandikwa nyuma ya kipande chenyewe. Kifungue, kigeuze, utafute herufi zilizochapwa kati ya mishale miwili: PP ni polipropilini, na TD20 maana yake ni asilimia 20 ya talki. Ukikuta ABS, hiyo ni plastiki ya ukoo mwingine.

ABS huyeyuka katika asetoni, kwa hiyo vipande vyake chakavu vikilowekwa humo hugeuka uji unaoziba ufa na kuwa kitu kimoja na kipande cha zamani. Mwagia polipropilini asetoni hiyohiyo, haitajali. Gundi nyingi na rangi nyingi nazo hazishiki juu yake, kwa sababu uso wake hauna mvuto wa kutosha wa kuzikamata. Huunganishwa kwa kuyeyusha utepe wa plastiki ya jamii yake ndani ya ufa, na bampa kuukuu iliyoandikwa PP ni chanzo kizuri cha utepe huo. Ikibidi kupakwa rangi, hutanguliwa na praima ya plastiki.

Kuchakaa kwa jua ni ugonjwa mwingine kabisa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na jua hutufika utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Watafiti waliopima magari huko Arizona, Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, walikuta dashibodi ya gari lililokaa juani saa moja ikifika wastani wa nyuzi joto 69. Kivulini ilikuwa 48. Katika joto kama hilo, vilainishi vilivyomo ndani ya ngozi ya dashibodi ya plastiki aina ya PVC huvukizwa kidogokidogo. Vingine huganda kwenye kioo cha mbele na kuwa ule ukungu wa mafuta unaosumbua usiku. Dashibodi iliyoachwa na vilainishi vyake husinyaa, hukakamaa, kisha hupasuka. Hakuna cha kupuliza juu kitakachovirudisha ndani.

Kioo cha mbele chenyewe huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, kwa kuwa kina utando wa plastiki katikati. Vioo vya milango kwa kawaida havina utando huo, na miale mingi zaidi hupenya na kukata minyororo ya molekuli za plastiki. Nyeusi hujikinga vizuri kuliko rangi nyingine, kwa kuwa masizi yaliyomo humeza miale hiyo.

Kuna jambo moja ambalo waosha magari na wapaka rangi wangepaswa kulizungumza. Polishi nyingi za kung'arisha zina silikoni. Rangi ikipulizwa juu ya silikoni hujikunyata na kuacha vishimo vya duara. Msasa ukitangulia, huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo yake, na hapo kuitoa ni kazi kubwa. Ukipeleka paneli kwa fundi, mwambie mapema kama imewahi kupakwa polishi, ili aioshe kwa sabuni na kuifuta kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla hajashika msasa.