Miguu ya Uzeeni: Heshima Inayowaangusha Wazee (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu mfupa: kwa nini nyonga ya bibi wa miaka 75 huvunjika kwa anguko ambalo mjukuu wake angeinuka akicheka. Leo tuugeukie mwanguko wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaokufa zaidi ni wenye umri uliozidi miaka 60.

Mzee akishaanguka mara moja, mji mzima humhurumia. "Bibi, wewe kaa tu, maji tutakuletea." Huletewa maji, huletewa chakula, huletewa hata redio kitandani. Nia ni njema, ila baada ya miezi michache paja limekonda, hofu imeota mizizi, na safari ya kwenda msalani imekuwa mtihani. Nathubutu kusema kwamba wazee wengi huangushwa na adabu zetu kabla ya kuangushwa na utelezi.

Mwili hujua umesimama vipi kwa kupata habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Moja ikipungua, mbili zilizobaki hufidia. Mwenye mtoto wa jicho huweza kutembea vizuri uani kwake mchana; lakini kama pia ana kisukari kilichomtia ganzi nyayoni, usiku umeme ukikatika hubaki na sikio peke yake, nalo limezeeka.

Habari zikishafika, misuli lazima iitikie, na iitikie upesi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Misuli ina nyuzinyuzi za aina mbili kuu: zinazojikaza polepole bila kuchoka mapema, na zinazojikaza haraka kwa nguvu. Umri ukisonga, hizi za haraka husinyaa zaidi. Ndiyo maana utamwona babu anakwenda sokoni na kurudi bila taabu, halafu anajikwaa kwenye kizingiti cha mlango na kushindwa kuutupa mguu mbele kwa wakati. Pumzi anayo, ila wepesi umemtoka.

Kwa hiyo kumwambia mzee "tembea tembea" hakutoshi. Kutembea kunafaa moyo na sukari, lakini ushahidi kwamba peke yake kunazuia kuanguka ni dhaifu. Mapitio makubwa ya mtandao wa Cochrane, yaliyotoka 2019 na kukusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza maanguko kwa takriban asilimia 23, na yenye ushahidi imara ni yale ya kusawazisha mwili na kufanya kwa mpangilio vitendo vya kila siku, kama kuketi na kuinuka. Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand ndicho kilichotunga mpango mmoja mashuhuri wa mazoezi ya aina hii, wa kufanyiwa nyumbani, na majaribio yake ya awali yaliwahusu akina mama wa miaka 80 na zaidi.

Zoezi la kwanza ni kuinuka kwenye kiti kigumu bila kusukuma kwa mikono, kisha kuketi taratibu bila kujibwaga. La pili: mzee asimame karibu na dirisha lenye nondo, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine hadi viguse, atulie kwa sekunde 10. Mwanzoni ashike nondo kwa mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye vidole viwili, mwishowe aachie huku mikono ikiwa tayari kudaka. Na mtu awe kando yake. Asipoyumba kidogo, zoezi limekuwa rahisi mno na halimfundishi kitu. Mara tatu kwa wiki, kwa miezi, siyo kwa wiki moja ya bidii.

Wanaosali wana hazina hapa: rakaa 17 za faradhi kwa siku, na kila rakaa ina kushuka na kuinuka. Aliyehamia kwenye kiti kwa sababu ya magoti amepata ruhusa, lakini pia amepoteza zoezi, basi alipate kwingine.

Kuna pia kipimo rahisi cha kumtambua aliye hatarini: watafiti wa Sweden waliandika mwaka 1997 kwamba wazee waliolazimika kusimama ili waweze kuzungumza walipokuwa wakitembea, wengi wao walianguka ndani ya miezi sita. Kwetu kipimo hicho kina kasoro, maana kusimama kuitikia shikamoo ni ungwana. Mwangalie basi anapoongozana na mtu wa nyumbani na mazungumzo yamekwisha kukolea.

Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, siyo ule unaouma, na kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono unaponing'inia. Chini uwe na mpira. Kandambili zilizolika soli zitupwe. Dawa zote, hasa za usingizi na za presha, zipelekwe kwa daktari azipitie. Mgonjwa asijiachishe mwenyewe.

Na akianguka, msimvute kwa makwapa. Kama hana maumivu makali, alale ubavu, apige magoti, ashike kiti imara, atangulize mguu wenye nguvu, ndipo ainuke. Lakini mguu ukionekana umefupika au umegeukia nje, na nyonga inauma, mwacheni alipo, mfunikeni asipate baridi, mkatafute gari la kumpeleka hospitali akiwa amelala.