Kuranda: Msitu Huu ni wa Nani?

Ukitaja Australia, wengi wetu tunafikiria jangwa na kangaruu. Lakini kaskazini-mashariki, katika jimbo la Queensland, kuna msitu wa mvua wa zamani sana, na katikati yake mji mdogo wa watu elfu tatu hivi. Unaitwa Kuranda. Uko mlimani juu ya Cairns, karibu kabisa na mbuga ya taifa ya Barron Gorge yenye maporomoko makubwa ya maji.

Reli ndiyo iliyoukuza. Wachimba bati wa Herberton walikuwa wakikosa chakula majira ya mvua, maana njia ziligeuka matope. Basi kazi ya reli ikaanza 1886, ikafika Kuranda 1891. Mahandaki 15 yalichimbwa, na watu wakitumia sururu, koleo na baruti. Haikuwa mchezo, na wengine walifia hapo. Siku hizi treni hiyo hubeba watalii.

Mwaka wa 1988 misitu ya sehemu hiyo, karibu hekta 900,000, iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Ukataji wa mbao ukakoma, na serikali ya jimbo ilipinga sana kwa kuwa watu wa mbao walipoteza kazi. Kuranda wao walikuwa na wageni. Mwaka wa 1995 walianza kupita pia juu ya miti, kwa vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma ya kilomita 7.5. Nguzo zake zilishushwa kwa helikopta ili barabara isikatwe msituni.

Yuko pia kasuari, ndege mrefu kama mtu, asiyeruka. Humeza matunda mazima mazima na kutupa mbegu mbali pamoja na mavi yake. Mbegu nyingine ni kubwa mno, hakuna mnyama mwingine wa kuzibeba. Kwa hiyo kasuari akigongwa na gari, msitu umepoteza mpanzi.

Lakini kabla ya haya yote walikuwako Wadjabugay. Sisi wa kanisa tusiruke sehemu hii. Kuanzia 1913 wengi walikusanywa katika misheni ya Mona Mona, ya Waadventista Wasabato, na watoto wakalazwa bwenini mbali na wazazi. Mwaka wa 1962 misheni ilifungwa, watu wakahamishwa, ati bwawa linajengwa. Bwawa lenyewe halikujengwa kamwe!

Sheria ilibadilika miaka ya 1990, wakadai ardhi yao. Desemba 2004 mahakama ilikubali haki zao katika mbuga ya Barron Gorge, ya kwanza ya namna hiyo kwa mbuga ya taifa Queensland. Wanaweza kuwinda, kuvua, kupiga kambi na kufanya sherehe zao. Kumfungia mgeni njia, hapana. Haki hiyo hawakupewa.