Andikisha Jina Kabla Uomoke

Jumamosi moja nilikuwa Gikomba nikisaka njumu, nikakutana na hudi ya beshte yangu. Ilikuwa imening'inizwa mbele ya kibanda, nyeusi, na ile logo yake ya mwewe kifuani. Nikafikiria amepata mteja wa jumla. Nikaishika. Zii. Nyuzi za mwewe zilikuwa zinachomoka kwa mabawa, lebo ya shingo imebandikwa na gundi badala ya kushonwa, na ndani hakukuwa na yale manyoya ya kukinga baridi ya Julai. Mathe wa kibanda akaniambia, "Kijana, beba na soo saba." Beshte yangu huuza hiyo hudi thao mbili na nusu.

Nilimtumia picha. Hakujibu meseji, alipiga simu, na sauti ilikuwa imeisha nguvu. Huyu ni msee alianza na tisho 12 alizoprinti na doh ya kuosha magari. Ameshonea kwa keja, amepeleka oda na nduthi usiku, amelijenga hilo jina miaka tatu. Sasa mtu amelisanya, na hudi feki ikifuliwa mara mbili ipasuke, ni yeye atatukanwa.

Kitu iliniuma zaidi ni vile alikuwa anajua amejikinga. "Si niko na cheti ya eCitizen?" Hapo ndo wasee wengi hujikwaa. Cheti ya jina la biashara inaonyesha tu ni nani anafanya biashara akitumia hilo jina. Haikupi nguvu ya kumzuia mtu kulishona kwa nguo zake. Hiyo nguvu inatoka kwa alama ya biashara, ile mtaani tunaita tredimaki, na inaandikishwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, iliyo South C. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, haipindi maneno: alama ikiwa haijaandikishwa, huwezi shtaki mtu eti ameivunja. Unabaki na njia ya kumshtaki kwa kujipitisha kama wewe. Hapo mzigo wote ni wako. Thibitishia jaji kuwa watu wanakujua kwa hilo jina, kuwa walidanganywa, na kuwa umepata hasara. Kwa msee anauza tisho, hiyo ni safari ya kumaliza mfuko.

Sasa cheki vile KIPI hufanya. Kwanza unasaka kama kuna mtu ashachukua jina lako ama lenye linafanana nalo. Usiende na jina linaelezea bidhaa tu, kama "Hudi Fiti", juu hilo wanaweza kulikataa. Kila mtu anahitaji hayo maneno. Halafu unachagua klasi, na hapa ndo loya mpoa anastahili kila shilingi. Bidhaa na huduma zimegawanywa klasi 45. Nguo, viatu na ngepa ziko ya 25. Mabegi yako ya 18. Vipodozi, ya 3. Beshte yangu anauza hudi na mabegi, so angeandikisha 25 pekee, begi lingebaki bila mwenyewe. Wakishakagua na kukubali, wanachapisha jina kwa jarida lao, na mtu yeyote ako na siku 60 za kupinga. Kukinyamaza, unapewa cheti ya miaka 10, ikihesabiwa kutoka siku uliweka maombi, na unaweza kuongeza 10 zingine kila ikiisha. Lakini ukiikalia miaka 5 bila kuitumia, mtu anaweza omba ifutwe.

Mkenya anaruhusiwa kujipelekea maombi mwenyewe. Bado mimi nadai ulipe loya, hata kama ni kwa ile kazi ya kusaka na kuchagua klasi tu. Tunalipa mpiga picha bila kuuliza, na hiyo picha bila jina salama inamuuzia mwizi.

Ukishashika cheti, loya anaanza na barua ya onyo. Kuna wenye huacha hapo hapo. Mwenye hataki kuskia, unampelekea Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, ACA, chini ya sheria ya 2008. Beba cheti, hudi oriji, hudi feki, na picha za mahali uliinunua. Wakaguzi wao wanaweza kuingia stoo, kupekua na kubeba mali. Mtu akipatikana na hatia mara ya kwanza, ni jela hadi miaka 5, ama faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya hiyo mali, ama zote mbili. Hudi 100 zikihesabiwa thao mbili na nusu kila moja ni 250,000, so faini inaanzia 750,000. Akirudia, jela inafika miaka 15 na faini inaanzia mara tano. Na kama unahofia ataficha mzigo akisikia mnakuja, loya anaweza omba korti oda inaitwa Anton Piller, mnaingia kusaka ushahidi bila yeye kuambiwa mapema.

Hiyo sheria inagusa hata mathe wa kibanda, juu kuuza pia ni kosa. Lakini nikiwa ni mimi, ningemwendea na heshima kwanza, nimuulize mzigo alitolea wapi. Yeye anatafuta karo. Mwenye natafuta ni yule ako na mashine ya kushona na faili ya logo yetu.

Na hiyo cheti inaishia mpaka wa Kenya. Ukianza kutuma oda Kampala ama Dar, huko pia unaandikisha.

Beshte yangu ashapeleka maombi, klasi mbili, 25 na 18. Wewe mwenye unashona, unaprinti ama unapika sabuni kwa keja, lisake jina lako KIPI wiki hii, kabla uachilie mzigo mwingine.