Soriasisi na dawa ya Kihindi: kinachovuka bahari na kinachobaki

Katika hospitali za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, zilizoko Kerala, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, mgonjwa wa soriasisi aliyelazwa haanzi kwa kupakwa dawa. Huanza kwa kunywa samli. Alfajiri, tumbo likiwa tupu, hupewa samli iliyopikwa pamoja na mitishamba mitano michungu, mwarobaini ukiwa mmojawapo, na kila kukicha kipimo huongezwa. Huenda hivyo kwa siku tatu hadi saba, mpaka tabibu aone dalili anazozingojea: ngozi imelainika, choo kina mafuta, na mgonjwa mwenyewe hataki hata kuisikia harufu ya samli. Ndipo anapokandwa mafuta mwili mzima na kufukizwa mvuke atoke jasho, kisha akapewa dawa ya kumtapisha au ya kumharisha. Baada ya hapo hurudishwa kwenye chakula polepole: uji mwepesi, uji mzito, wali uliolainika. Wapo wanaomiminiwa mtindi uliotiwa dawa kwenye paji la uso, mchirizi mwembamba usiokatika. Wapo wanaobandikwa ruba palipo na mabaka, wanyonye damu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wanaoniuliza juu ya “dawa ya Kihindi ya soriasisi” hawaulizii habari za samli wala uji. Wanaulizia kichupa, au kopo la vidonge, au krimu ambayo binamu alitumiwa kutoka Mumbai. Wanadhani hicho ndicho Ayurveda, na hayo mengine ni mapambo. Kwa maoni yangu mambo ni kinyume chake.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana huku kwetu hubambikiwa majina ya magonjwa mengine: fangasi, pumu ya ngozi, mba sugu, hata kurogwa. Ngozi ya mtu mzima hujifanya upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Seli huzaliwa chini, hupanda taratibu, hukauka na kudondoka bila sisi kuona. Mwenye soriasisi ana kinga ya mwili iliyopotoka, inayoisukuma ngozi kana kwamba kuna jeraha la kuzibwa, na safari ile ya mwezi inamalizika kwa siku chache tu. Seli hufika juu zikiwa changa, zinarundikana, na rundo hilo ndilo magamba yenye rangi ya fedha tunayoyaona viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani. Vitabu vingi vina picha za mabaka mekundu kwa kuwa picha hizo zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu baka huwa la zambarau, kahawia au kijivu, na hata likitoweka huacha doa kwa miezi kadhaa. Haliambukizi, si kwa taulo, si kwa kitanda, si kwa kushikana mikono.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu, wenye maumivu na wenye kulemaza, usio na tiba ya kuumaliza kabisa. Unadhibitiwa, lakini mwelekeo wa kuupata haung’oki. Isitoshe, hupanda na kushuka wenyewe. Maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, pombe, sigara, baadhi ya dawa za shinikizo la damu na hata klorokwini vinaweza kuupandisha. Miezi miwili baadaye unaweza kutulia bila mtu kujua sababu. Kupanda na kushuka huku kumewatajirisha wauza dawa wengi. Mtu hununua kichupa siku anapoteseka zaidi, yaani siku ambayo ugonjwa, kwa tabia yake, umekaribia kushuka. Ukishuka, sifa huenda kwa kichupa.

Matabibu wa kale wa India waliuona ugonjwa huu kwa makini. Kitabu cha Charaka kinagawa magonjwa ya ngozi katika aina 18, saba kubwa na 11 ndogo, na katika hizo ndogo imo moja iitwayo ekakushtha: baka pana, lisilotoa jasho, lenye sura ya magamba ya samaki. Anayeijua soriasisi hawezi kusoma maelezo hayo bila kutikisa kichwa. Ni kweli kwamba kundi hilohilo limechanganya ndani yake na ukoma, lakini Ulaya nayo ilizitenganisha soriasisi na ukoma sawasawa mwaka 1841 tu, kwa kazi ya Ferdinand von Hebra wa Vienna. Kwa Charaka, chanzo ni kuharibika kwa mizani ya vata, pitta na kapha, nguvu tatu ambazo msomaji wa pwani anayekumbuka wazee wakizungumza juu ya balghamu na safura hataziona ngeni sana. Zikiharibika kwa ulaji mbaya, kama kuchanganya samaki na maziwa, uchafu hujaa kwenye damu na ngozi. Dawa basi ni kuutoa, kwa kutapika, kuharisha au kutoa damu.

Nadharia hiyo sikubaliani nayo. Hakuna uchafu wa kutolewa. Kuna kinga inayojishambulia. Lakini tiba inaweza kusaidia kwa sababu tofauti na ile anayoitaja mtoaji wake, na hapa ndipo penye utamu wa suala lenyewe. Mtazame tena yule mgonjwa wa Kerala. Anapakwa mafuta kila siku, na mafuta hulainisha magamba, hupunguza muwasho na huziba nyufa. Hanywi pombe. Pengine amepungua uzito, na kupungua uzito kwa mnene mwenye soriasisi kumeonyeshwa katika majaribio kuwa kunasaidia. Yuko mbali na kazi na kelele, analala mapema, na kuna mtu anayemshika ngozi ile ambayo nyumbani hakuna anayeigusa. Vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, aliyesoma chuoni miaka mitano na nusu, anamsikiliza kwa muda ambao mimi, nikiwa na foleni ya watu nje ya mlango, sina. Sioni ajabu akirudi nyumbani akiwa na nafuu.

Hata hivyo nafuu si ushahidi kwamba samli au kutapika ndiko kulikofanya kazi. Majaribio mengi ya Ayurveda kuhusu soriasisi yamekuwa madogo, mara nyingi bila kundi la kulinganisha, na hufuatilia wagonjwa kwa wiki chache tu katika ugonjwa wa maisha. Wapo wanaosema tiba hii haipimiki kwa mizani ya kisayansi. Inapimika. Mwaka 2011 watafiti walichapisha jaribio lililofanyika Coimbatore, ambapo wagonjwa 43 wa baridi yabisi waligawanywa wapate dawa za Ayurveda, methotrekseti ya hospitalini, au vyote viwili, bila mgonjwa wala daktari kujua nani anapata nini. Lilikuwa dogo, halikumaliza ubishi, lakini lilifanyika. Soriasisi inastahili jaribio kama hilo, kubwa zaidi.

Upo mfano mmoja ambapo mmea wa matabibu wa kale ulipita hatua zote. Bakuchi ni mbegu ndogo nyeusi ambayo matabibu wa India waliitumia kwa mabaka meupe ya ngozi, wakimwambia mgonjwa akae juani. Kando ya Nile, Wamisri walitumia mmea mwingine kwa namna hiyohiyo. Mimea yote miwili ina kemikali za jamii ya soraleni, zinazoifanya ngozi iathirike zaidi na mwanga. Kutoka kwenye mmea wa Misri wanasayansi walitoa moja safi katika miaka ya 1940, na mwaka 1974 madaktari wa Boston wakachapisha matokeo yao: wagonjwa wa soriasisi walimeza kidonge chake kisha wakasimama mbele ya taa za mionzi iliyopimwa, na mabaka yakafutika. Kwa miaka mingi tiba hiyo ilikuwa miongoni mwa silaha kuu za madaktari wa ngozi. Baadaye ikagundulika kwamba aliyepata vipindi vingi mno huongezewa hatari ya saratani ya ngozi, na leo aina nyingine ya mwanga, isiyohitaji kidonge, imechukua nafasi yake kwa kiasi kikubwa. Wazee walikuwa wameona kitu cha kweli. Ila kati ya kitu cha kweli na dawa salama palikuwa na kazi ya kupima dozi, dakika na madhara. Anayenunua mafuta ya bakuchi leo, akajipaka na kwenda kukaa kwenye jua la saa saba mchana la Dodoma, ameiruka kazi hiyo yote na anaweza kuungua hadi atoke malengelenge.

Sasa turudi kwenye kichupa. Afrika Mashariki ina udugu wa zamani na upande ule wa bahari. Koo nzima za Waoshwal, jamii ya Wahindi wa Kenya, zilitoka vijiji vya jirani na Jamnagar, mji uleule wa Gujarat ambako Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha tiba asilia mwaka 2022. Kwa hiyo dawa za Ayurveda si ngeni kwetu. Tatizo ni kwamba kinachosafiri kwa urahisi ni kidonge. Kukandwa, kupumzika, kuchungwa mlo na kuangaliwa kila asubuhi hubaki Kerala. Tunapokea sehemu yenye ushahidi haba na hatari kubwa kuliko zote.

Hatari hiyo si ya kubuni. Lipo tawi la Ayurveda linalotumia madini kwa makusudi, yakiwa yamechomwa na kusagwa mara nyingi hadi kuwa majivu yaitwayo bhasma. Arogyavardhini, kidonge kinachoandikwa sana kwa magonjwa ya ngozi, kwa asili kina zebaki na salfa. Mwaka 2003 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto na damu ya mama mjamzito. Zebaki huharibu figo. Kisha kuna guduchi, mtambaazi unaosifiwa kwa kuamsha kinga. Mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa walioumwa ini baada ya kuutumia. Wizara inayosimamia tiba asilia huko India ilipinga, lakini mimi najiuliza tu kwa nini mtu ambaye kinga yake imezidi kiasi anywe kitu cha kuiamsha. Na mafuta ya mwarobaini, wasinyweshwe watoto wachanga kamwe. Yamewahi kuwaletea degedege.

Krimu nazo zina hila zake. Ikiwa “dawa asilia” isiyo na orodha ya viambato inafuta mabaka kwa siku tatu, shuku kwamba imetiwa steroidi kali. Ukiiacha ghafla, ugonjwa hurudi kwa kishindo, wakati mwingine kwa vipele vya usaha mwili mzima, na hapo hatuzungumzii tena ngozi bali kulazwa.

Ukiwa na nia ya kwenda India, au kwa vaidya aliyesoma aliyeko karibu nawe, sitakuzuia. Nenda na majibu ya vipimo vya ini na figo, urudie vipimo hivyo baada ya tiba. Kataa bhasma. Kataa ruba na kuchanjwa, kwa sababu ngozi ya soriasisi ina tabia iliyoelezwa na Heinrich Koebner katika miaka ya 1870: inapojeruhiwa, baka jipya linaweza kuota pale pale. Ndiyo maana pia dodoki na jiwe la kusugulia miguu si rafiki wa magamba. Usiache dawa za hospitali kimyakimya ili “kuupa mwili nafasi”. Na kama unatumia methotrekseti, ambayo humezwa mara moja kwa wiki na si kila siku, mwambie daktari kila unachokunywa, kwani ini ni moja.

Soriasisi iliyoibuka ghafla na kwa ukali kwa mtu ambaye hakuwa nayo ni sababu ya kupima VVU. Na vidole vikivimba, au asubuhi viungo vikigoma kunyooka kwa zaidi ya nusu saa, ugonjwa huenda umeingia kwenye maungio. Hapo usijaribu samli, mtindi wala kichupa kwanza; muone daktari wiki hiyohiyo, kwa sababu ngozi iliyoharibika hupona ikatengemaa, lakini kiungo kilicholika hakirudi.