Saa mbili ya nani? Ziwa Tanganyika, daftari la mahudhurio na saa inayopotea kila jioni

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ikola. Mdogo wangu anauza kwenye duka la jumla karibu na mwalo: unga, sukari, sabuni, nyavu. Jioni moja akaja na daftari mkononi. "Kaka, wewe si msomi wa hesabu? Hebu nitazamie hapa. Mwezi huu ovataimu imekuja kidogo, na mimi sijapumzika."

Nikalifungua. Kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi: kuingia saa 2:00 asubuhi, kutoka saa 11:00 jioni. Lakini kila siku nilikuwa namuona anarudi giza linaingia, saa 12 imeshapita. Saa nzima ilikuwa inapotelea wapi?

Jibu lilikuwa ng'ambo ya ziwa.

Nchi nne, saa mbili tofauti

Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Dunia nzima hupanga saa zake kwa kuhesabu kutoka saa moja ya pamoja inayoitwa UTC. Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo wako saa 2 mbele ya hiyo UTC. Tanzania tuko saa 3 mbele. Yaani kwenye ziwa hili sisi peke yetu ndio tuko tofauti. Ikola ikiwa saa 12 jioni, Kalemie na Moba ni saa 11.

Kwa nini? Dunia huzunguka digrii 360 kwa siku moja, ambayo ni digrii 15 kwa saa, au digrii moja kila dakika 4. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa digrii 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini kwetu. Uko baharini huko mbele ya Dar es Salaam. Ikola iko kwenye digrii 30 na kidogo. Tofauti ni karibu digrii 15, yaani karibu saa nzima. Ndiyo maana kwetu jua la utosi huja karibu na saa 7 mchana, si saa 6. Na ndiyo maana ndugu zetu wa Dar huliona jua zaidi ya nusu saa kabla yetu. Kwa hiyo mtu wa Ikola akisema saa ya Kongo ndiyo inayoendana na jua la hapa, hajakosea. Ila sheria na mshahara havifuati jua. Vinafuata saa ya Tanzania.

Kosa likiwa moja, linajifuta

Sasa turudi dukani. Asubuhi mdogo wangu huandika saa ya ukutani. Jioni tajiri ndiye anayeandika, na yeye hutazama kitochi kilicho mezani, kile cha laini ya Kongo anachotumia kuongea na wateja wa ng'ambo. Kitochi hicho kilirekebishwa huko huko, na hapa Ikola hakina mtandao wa kukirudisha sawa. Kwa hiyo kinaendelea kuhesabu saa ya Kongo.

Hapa kuna somo zuri la vipimo. Chukua saa yoyote iliyo nyuma kwa saa moja. Ukiitumia kuandika kuingia na kutoka, utasoma saa 1:00 hadi saa 11:00. Muda uliokaa kazini ni saa 10. Ukitumia saa iliyo sahihi, ni saa 2:00 hadi 12:00, bado saa 10. Kosa lipo pande zote mbili, na unapotoa linajifuta lenyewe.

Lakini ukiingia kwa saa moja na kutoka kwa nyingine, kosa halina mwenzake wa kulifuta. Saa 2:00 hadi 11:00 ni saa 9. Kumbe kila siku saa moja ilikuwa inaliwa, na hakuna aliyekusudia kuiba.

Saa moja ni pesa ngapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, ambayo hailipwi chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na haitakiwi kuvuka saa 50 katika wiki nne. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60.

Tupige hesabu. Toa saa moja ya mapumziko:

- Ukweli: saa 9 kwa siku mara siku 6 ni saa 54. Ovataimu ni saa 9 kwa wiki.
- Daftari: saa 8 mara 6 ni saa 48. Ovataimu ni saa 3 kwa wiki.

Tofauti ni saa 6 kwa wiki, saa 24 kwa wiki nne. Zidisha kwa moja na nusu, unapata malipo ya saa 36 za kawaida. Hizo ni siku nne kamili za saa 9. Mtu amefanya kazi siku nne za bure na daftari linaonekana safi kabisa.

Si mashine ya alama za vidole ingemaliza?

Wengi hudhani hivyo. Mashine za kurekodi mahudhurio si ngeni: Willard Bundy, fundi vito wa Auburn, New York, alibuni yake mwishoni mwa miaka ya 1880, na kampuni iliyotokana nayo ilikuja kuwa sehemu ya IBM. Za siku hizi husoma alama za vidole. Hutafuta mahali michirizi ya ngozi inapokatika au kugawanyika, kisha hulinganisha na ramani ya michirizi iliyohifadhiwa. Kidole kilicholowa, kilichochubuliwa na kamba za nyavu au kukauka kwa sabuni kinaweza kukataliwa, na hilo si kosa la mwenye kidole.

Ila hata ikisoma vizuri, kidole kinajibu swali la "nani". Swali la "lini" linajibiwa na saa iliyo ndani yake. Saa hiyo ni kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja: pigo moja kila sekunde. Kwatzi ya kawaida hukosea kama sekunde 1.7 kwa siku, takriban dakika 10 kwa mwaka. Ni kidogo. Lakini aliyeifunga akiingiza saa isiyo sahihi, au betri ndogo ya ndani ikifa na umeme ukakatika, mashine itaandika uongo kwa uaminifu mkubwa.

Tulivyolimaliza

Hatukwenda kwa tajiri na maneno matupu. Tulitafuta saa ya tatu isiyo na upande: risiti za mashine ya EFD. Siku ambayo daftari lilisema mdogo wangu katoka saa 11:00, kulikuwa na risiti aliyoitoa yeye saa 11:48. Mtu hawezi kuuza sukari akiwa ameshaondoka.

"Shikamoo baba," mdogo wangu alianza, kisha akaweka mezani risiti, kitochi na simu yake, vyote pamoja. Mzee akatazama kimoja, akatazama kingine, akacheka. Halafu akanyamaza muda mrefu. Deni la wiki zile nne alililipa kwa awamu mbili.

Nawe unayesaini daftari mahali popote, fanya mambo matatu. Tumieni saa ile ile kuingia na kutoka. Iulinganishe kila wiki na simu iliyo kwenye mtandao wa Tanzania. Na piga picha ukurasa wako kila Jumamosi kabla ya kwenda nyumbani.