Hukumu ya deni uliyokatiwa bila kuitwa

Katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kutoka Kiringye hadi Uvira, mtu hawezi kuhesabiwa kuwa yupo kwake siku zote. Vita vimevusha familia nyingi hadi Burundi, na mafuriko ya Aprili 2020 yaliwaacha maelfu ya watu wa Uvira bila makao. Katika hali hiyo, huisye, mjumbe wa mahakama, anaweza kufika na karatasi ya kesi asimkute mwenyewe, kesi ikasikilizwa upande mmoja, na mdaiwa akaja kujua habari siku mali yake inapokamatwa. Wengi hapo hukata tamaa, wakiamini kwamba hukumu yenye mhuri haiguswi tena. Imani hiyo inawagharimu mali, na sheria ya Kongo haiiungi mkono.

Ibara ya 19 ya Katiba ya 2006 inalinda haki ya kujitetea. Kwa kesi za madai, dekreti ya 7 Machi 1960 inaonyesha njia: aliyehukumiwa bila kuwepo anaweza kufanya pingamizi, ile wanasheria wanayoiita opozisyo, ndani ya siku 15. Jambo la kushika ni siku hizo zinaanzia wapi. Hazianzii siku hakimu aliposoma hukumu. Ukikabidhiwa hukumu mkononi, zinahesabiwa tangu makabidhiano hayo. Ikiwa iliachwa kwa mwingine, zinahesabiwa tangu ulipojua kwamba imeletwa. Na kama haithibitiki kwamba ulijua, zinaanza na tendo la kwanza la utekelezaji ulilolijua wewe mwenyewe, kwa mfano kukamatwa kwa ng'ombe wako. Lakini utekelezaji ukishakamilika, mlango umefungwa.

Mkopeshaji atauliza: je, hii si kumfundisha mdaiwa kujificha? Hapana, kwa sababu sheria inaruhusu karatasi iachwe nyumbani kwake mikononi mwa jamaa yake, kwa hiyo kukimbia hakuzuii kesi kuendelea. Tena pingamizi halifuti deni. Linawarudisha wawili mbele ya hakimu, na anayedai akiwa na ushahidi wake, atashinda tena. Mdaiwa naye, akishindwa kufika mara ya pili, hapewi pingamizi jingine. Wengine husema: kama anadaiwa kweli, kuna haja gani ya kumsikiliza? Haja ipo, maana kudaiwa ni jambo moja na kudaiwa kiasi gani ni jingine. Huenda alishalipa nusu, huenda riba iliongezwa bila mapatano, huenda sahihi si yake. Hakimu aliyesikia upande mmoja hana njia ya kuyajua hayo. Kwa hiyo mkopeshaji anayehakikisha karatasi imefika anailinda hukumu yake mwenyewe isije ikatikiswa baadaye.

Ukikutwa na jambo hili, usigombane na huisye. Omba nakala, andika tarehe uliyoipata, na uende upesi kwa grefye, yaani karani wa mahakama iliyotoa hukumu, utoe tamko lako na sababu zako kwa ufupi. Likitolewa kwa wakati, pingamizi husimamisha utekelezaji, isipokuwa hakimu awe ameamuru uendelee. Ikiwa karatasi ni amri ya kulipa chini ya sheria za biashara za jumuiya ya OHADA, ambazo Kongo inazifuata tangu 2012, muda wake ni mwingine: isome karatasi siku hiyohiyo. Shika risiti zako, na usingoje mali iuzwe.